Mwalimu wa Kujitolea na Darasa la Kwanza

Katika shule nyingi za msingi za vijijini nchini Tanzania wamo walimu wasiomo katika orodha ya mishahara ya Serikali. Wengine ni vijana waliohitimu vyuo vya ualimu kama hiki chetu, nao wangali wakingoja kuajiriwa. Wengine ni wahitimu wa kidato cha nne waliozaliwa papo hapo kijijini, wakaombwa na kamati ya shule waje kusaidia. Wazazi huwachangia posho kidogo kwa kadiri ya mavuno. Makala haya hayakusudii kuwasifu, wala kujadili suala la posho yao, ingawa ni suala zito. Twataka kueleza jambo moja la mbinu za kufundisha: mwalimu wa namna hii akabidhiwe kazi gani, ili watoto wafaidike naye hata baada ya yeye kuondoka. Maana hana budi kuondoka siku moja.

Kujitolea kufundisha si jambo geni kwetu. Mwaka 1967, watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika; kufikia jaribio la taifa la mwaka 1975 walikuwa wamebaki 39. Wengi wa waliofundisha madarasa yale hawakuwa walimu kwa kazi yao. Kisha ukafika wakati wa Elimu ya Msingi kwa Wote, iliyoamuliwa Musoma mwaka 1974 na kutekelezwa mwaka 1977. Vyuo havikuweza kutoa walimu wa kutosha, hivyo vijana waliomaliza elimu ya msingi walichukuliwa wakajifunza ualimu wakiwa kazini: sehemu ya siku walifundisha, sehemu nyingine walisoma chini ya mkufunzi, huku wakisaidiwa na masomo ya redio na ya posta. Walimu hao walidharauliwa sana, na hata leo mtu akitaka kumkejeli mwalimu humwita wa UPE. Lakini yafaa tukumbuke kwamba walikuwa na mtu wa kuwaongoza. Mwalimu wa kujitolea wa leo, hasa yule asiyepitia chuo, mara nyingi hupewa chaki na kuonyeshwa mlango wa darasa, basi.

Na mlango huo, aghalabu, ni wa darasa la kwanza. Sababu yake yaeleweka. Tangu ada na michango ya lazima iondolewe katika elimumsingi, Januari 2016, watoto walioandikishwa wameongezeka sana, na kile kiwango cha mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 katika shule nyingi za vijijini kimebaki katika karatasi. Mwalimu mkuu mwenye walimu wachache huwaweka wazoefu katika madarasa ya mtihani, kwa kuwa matokeo ya mtihani ndiyo atakayoulizwa na wakubwa wake. Hatumlaumu. Hata hivyo twaona kwamba mpango huo unampa mgeni kazi iliyo ngumu kuliko zote shuleni.

Tutoe mfano. Katika shule moja ya Usukumani, ambako wanachuo wetu walikuwa katika mazoezi ya kufundisha, kijana wa kujitolea alikabidhiwa darasa la kwanza peke yake mwezi Januari. Alifundisha irabu tano, kisha silabi za m, za k na za b, na watoto walikuwa wameanza kuunganisha maneno kama baba na kaka. Mwezi Mei akapata ajira mjini, akaaga. Aliyempokea hakukuta andalio la somo wala kumbukumbu yoyote, akaanza upya na irabu. Naye alihamishwa mwezi Agosti, na wa tatu akaanza na irabu. Mwezi Novemba watoto wale waliimba a, e, i, o, u kwa sauti nzuri kabisa, lakini waliokuwa wakisoma neno lenye silabi tatu walikuwa wachache mno. Hakuna kati ya walimu watatu hao aliyekuwa mvivu.

Ushauri wetu, basi, ni kwamba mwalimu wa kujitolea asikabidhiwe darasa la kwanza peke yake, bali awe mwalimu wa pili ndani ya darasa hilo. Mwalimu wa kudumu, hata kama analazimika kugawa muda wake na darasa jingine, ndiye afundishe silabi mpya ubaoni na ndiye ashike azimio la kazi. Mwalimu wa kujitolea apewe kazi ambayo mtu mmoja hawezi kuifanya katika darasa kubwa, yaani kumsikiliza kila mtoto akisoma peke yake.

Hesabu yake ni hii. Darasa lina watoto 120, na kipindi ni dakika 30. Mtoto akisoma kwa dakika moja, na dakika nyingine ikatumika kwa kukaa, kusahihishwa na kuandikiwa alama, watasikilizwa watoto 15 katika kipindi kimoja. Kwa siku nane za masomo darasa zima litakuwa limepita. Mwalimu aliye peke yake hana dakika hizo. Analazimika kusomesha kwa pamoja, na katika kusoma kwa pamoja asiyejua hujificha nyuma ya sauti za wenzake. Watoto wakizoea ma, me, mi, mo, mu kwa mpangilio huo, huzighani kama wimbo huku wakitazama dirishani. Anayesikiliza mmoja mmoja ataonyesha mu kwanza, kisha ma, kisha mo, na papo hapo atajua nani anasoma na nani anaimba.

Hapa ndipo kijana wa kijiji anapomzidi hata mkufunzi wa chuo. Watoto wengi wa Usukumani huja shuleni na Kisukuma, na Kiswahili wanakikuta darasani. Sauti ya r ni ngumu kwa wengi wao, hivyo mtoto huiona barua akatamka balua. Mwalimu mgeni humwambia amekosa, na mtoto, ambaye ameitambua kila herufi, huanza kuamini kwamba hajui kusoma. Anayeijua lugha ya nyumbani hutenganisha mambo mawili hayo bila taabu. Njia rahisi ya kupima ni kumpa mtoto kadi mbili, moja imeandikwa kula na nyingine kura, na kumwuliza ipi ni ya chakula. Akichagua sawasawa, anasoma. Matamshi yatafuata polepole. Na pale agizo la zoezi lisipoeleweka, neno moja la Kisukuma huokoa nusu ya kipindi, mradi lisigeuke kuwa lugha ya somo zima.

Kazi hii yahitaji daftari moja tu. Majina ya watoto yaandikwe upande wa kushoto, na juu ziandikwe hatua: irabu, silabi za konsonanti moja, maneno ya silabi mbili, maneno ya silabi tatu, silabi kama cha na sha, kisha zile ngumu kama mba, nda na ng'a, na mwisho sentensi. Kila mtoto anaposikilizwa, tarehe iandikwe chini ya hatua aliyoivuka. Tusimwongezee mwalimu wa kujitolea majedwali mengine. Tumeona shule ambamo kujaza fomu kumemaliza muda wa kufundisha.

Daftari hilo likae katika ofisi ya mwalimu mkuu, lisichukuliwe nyumbani. Kila Ijumaa walimu wawili wa darasa walisome pamoja, na mwalimu wa kudumu aamue watoto gani warudishwe nyuma kidogo wiki inayofuata na nani wasonge mbele. Siku mwalimu wa kujitolea atakapoaga, iwe amepata ajira, ameolewa mbali au posho imekosekana, mwenzake atalifungua na kuona, kwa mfano, kwamba watoto 31 bado hawajaivuka mba, na majina yao. Jumatatu ataanzia hapo.