Mnyororo wa Chakula: Mfano wa Mwewe wa Nyika

Wakiulizwa kitakachotokea kiungo kimoja cha mnyororo wa chakula kikiondolewa, watahiniwa wengi huandika "wanyama watakufa" na kuishia hapo. Jibu hilo hupoteza alama kwa sababu halionyeshi nani ataathirika wala kwa njia gani. Tuchukue mfano wa mwewe.

Katika nyanda za nyasi na majangwa ya magharibi mwa Marekani na Kanada anaishi mwewe mkubwa aitwaye kisayansi Buteo regalis. Mgongo wake una rangi ya kutu, na miguu imefunikwa manyoya hadi penye vidole. Kwa kuwa miti ni adimu huko, hujenga kiota kwenye mti wa pekee, mwambani au hata chini ardhini. Hula hasa sungura na kindi wanaochimba mashimo. Mnyororo wake ni huu:

Nyasi → kindi → mwewe

Nyasi ni mzalishaji, kindi ni mlaji wa kwanza, mwewe ni mlaji wa pili.

Wafugaji waliona kindi wanamaliza malisho ya ng'ombe, wakawatega kwa sumu. Sehemu nyingine za nyanda zililimwa. Mwewe hakulengwa, lakini aliathirika kwa njia mbili:

(a) Windo lilipungua, akalazimika kuhama au kukosa chakula cha kutosha.

(b) Uzazi ulishuka. Kwa kawaida jike hutaga mayai 2 hadi 4. Windo likiwa tele, vifaranga wengi hukua. Likiadimika, mayai hupungua, vifaranga hufa njaa, au jozi haizai kabisa mwaka huo.

Hoja (b) ndiyo wengi huisahau. Idadi ya wanyama inaweza kushuka hata kama wakubwa hawafi, kwa kuwa hakuna wadogo wa kushika nafasi zao.

Katika jimbo la Alberta, Kanada, wahifadhi wamesimika nguzo zenye majukwaa ya viota. Hatua hiyo inafaa, ila jukwaa halimlishi kifaranga. Pasipo kindi, kiota hubaki kitupu.

Zingatia: Katika jibu lako taja kiungo kilichoondolewa, eleza athari kwa mlaji aliye juu yake (chakula na uzazi), kisha athari kwa kiumbe kilicho chini yake. Hapa, kindi wakipungua, nyasi zinazoliwa nao hupungua pia.