Umepunguzwa tumbo? Usikimbilie Brufen
Aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, hasa ule wa kuunganisha tumbo na utumbo, asimeze Brufen wala diklofenaki goti likimuuma. Dawa hizi hudhoofisha utando unaolinda tumbo, na pale palipounganishwa pakatoka kidonda kinachovuja damu. Choo kikiwa cheusi kama lami, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Panadol ndiyo salama zaidi, kwa kipimo cha daktari. Muuzaji wa duka la dawa hajui kama ulipasuliwa, mwambie.

Na mizani ikigoma baada ya miezi? Upasuaji haukuharibika. Mwili uliopungua hutumia nguvu kidogo. Tazama kwanza vinywaji: soda na chai ya sukari hupita bila kushibisha. Anza na samaki. Wali uje mwisho, ukipata nafasi.