Trauti wa Bahari Wakati wa Baridi

Msomaji aliyezoea trauti wa mito ya Aberdare, ambao mbegu yao ililetwa kutoka Uskoti mwaka 1905, asidanganyike na jina. Trauti wa bahari wa pwani ya kusini ya Marekani si jamaa yao. Aliitwa hivyo kwa ajili ya madoadoa yake tu.

Wakati wa joto samaki huyu hutawanyika katika nyasi za bahari akifukuza kamba. Baridi iingiapo hushuka vilindini, akawa mzito wa kutembea. Kwa hiyo mvuvi hodari huvuta chambo chake polepole mno, karibu na chini. Jua likiwaka alasiri, humtafuta penye maji haba na tope jeusi, maana tope hilo hupata joto upesi. Wala asivute mshipi kwa nguvu: kinywa cha samaki huyu ni laini, hupasuka.

Lakini baridi ikizidi, samaki hufa. Mwezi wa Februari 2021 baridi kali iliua samaki wa kila aina wapatao milioni 3.8 katika pwani ya Texas. Samaki wanaokimbilia vilindini husongamana, hata mtoto aweza kuwavua. Ndiyo sababu sheria ya huko huruhusu vilindi hivyo vifungwe kwa muda. Mwezi wa Aprili mwaka ule ule, Serikali ya Texas iliamuru kwamba mvuvi wa Laguna Madre asichukue zaidi ya trauti 3 kwa siku, wenye urefu wa inchi 17 hadi 23. Waliozidi hapo walipaswa kurudishwa majini, kwani wengi wao ni majike wenye kutaga.