Nani Analipia Uongo? Udanganyifu na Uaminifu wa Kifamilia katika King Lear na Mkasa wa Liyongo

Utangulizi

Tanzia ya King Lear, ambayo William Shakespeare aliiandika yapata mwaka 1605 au 1606, huanza na jambo ambalo msomaji wa Machakos hahitaji kufafanuliwa: mzee anagawa ardhi yake akiwa bado hai. Ana watoto watatu. Anataka kupumzika, naye anahofia ugomvi baada ya kifo chake. Kila kinachofuata katika tamthilia hii, kuanzia kufukuzwa kwa mtoto mwaminifu hadi maiti zinazojaa jukwaani mwishoni, kinatokana na siku hiyo moja ya kugawa.

Si tamthilia ngeni kabisa katika Kiswahili. Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana aliyeendesha mtambo wa uchapishaji huko Unguja katika miaka ya 1860, alitoa kitabu kidogo kiitwacho Hadithi za Kiingereza, ambamo kisa cha Lear ni kimojawapo cha visa vinne vilivyotokana na Shakespeare. Visa hivyo havikutoka katika tamthilia zenyewe bali katika masimulizi ya kinathari ya Charles na Mary Lamb, yaliyochapishwa Uingereza mwaka 1807. Mwaka 1870 Steere huyo huyo alichapisha Swahili Tales, mkusanyiko wa ngano za Waswahili wenye kisa cha Liyongo. Kwa hiyo, Lear na Liyongo waliingia katika maandishi ya Kiswahili yaliyopigwa chapa takriban wakati mmoja na kwa mkono mmoja. Ajabu ni kwamba wahakiki hawajazoea kuwaweka wawili hawa pamoja, ilhali kila mmoja aliangamizwa na mtoto aliyemwamini.

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo baina ya udanganyifu na uaminifu wa kifamilia katika kazi hizo mbili. Katika uhakiki wa darasani, wahusika hugawanywa aghalabu katika mafungu mawili: waaminifu upande huu, wasaliti upande ule. Ugawaji huo hautoshi. Katika King Lear na katika mkasa wa Liyongo, waaminifu nao hudanganya. Swali lenye manufaa zaidi si kama mhusika amesema uongo, bali ni nani analipia uongo huo.

Kiapo kisicho na gharama

Lear, mwenye umri wa zaidi ya miaka 80, anawataka binti zake watatu watamke mbele ya baraza jinsi wanavyompenda. Atakayeshinda kwa maneno atapata sehemu kubwa zaidi. Goneril na Regan wanamwaga sifa. Cordelia, kitinda mimba, anajibu kwamba anampenda babake kama inavyompasa mtoto, bila kuzidisha wala kupunguza, na kwamba akiolewa sehemu ya mapenzi yake itakuwa ya mumewe. Ukweli huo unamnyima urithi. Kent, mmoja wa wakuu wa dola, anapojaribu kumzuia mfalme asitende kosa hilo, naye anafukuzwa nchini.

Kosa la Lear mara nyingi huelezwa kuwa ni kupenda kusifiwa. Hilo ni kweli, lakini kuna kosa jingine: alianzisha kiapo kisicho na adhabu. Jambo hili linaonekana wazi likilinganishwa na desturi ya Wakamba. Mzozo uliowashinda wazee wa baraza, hasa ule wa ardhi au mifugo, uliweza kuamuliwa kwa kithitu. Kithitu ni kitu cha kiapo kilichoaminika kuwa na nguvu ya kuua. Aliyeapa uongo juu yake aliaminika kujiletea mauti yeye mwenyewe na jamaa zake pia. Gerhard Lindblom, msomi wa Uswidi aliyechapisha kitabu kikubwa kuhusu Wakamba mwaka 1920, ni miongoni mwa walioandika habari za kiapo hicho.

Msomaji si lazima aamini nguvu hizo ili aone mantiki yake ya kijamii. Ikiwa uongo wa mtu mmoja utalipiwa na nyumba nzima, basi nyumba nzima ina sababu ya kumzuia asiape. Kaka, mama na ami wanakuwa walinzi wa ulimi wake. Katika baraza la Lear mambo ni kinyume: Goneril na Regan wanatamka makubwa bila kuhatarisha chochote, na gharama yote inamwangukia babao. Mantiki ya kithitu ndiyo inayotupa swali la makala haya.

Gharama hiyo Shakespeare anaihesabu kwa tarakimu. Lear alijibakizia askari 100. Goneril anawataka wapunguzwe hadi 50. Regan anasema 25 wanatosha. Kisha wote wawili wanauliza haja ya 10, ya 5, hata ya mmoja. Usiku huo mzee anabaki nje kwenye tufani. Mapenzi yaliyopimwa kwa maneno yanafutwa kwa hesabu ya kutoa.

Barua ya Edmund

Sambamba na kisa cha Lear kuna kisa cha Gloucester na wanawe wawili, ambacho masimulizi ya Lamb yanakigusa kwa ufupi tu. Edgar ni mwana wa ndoa. Edmund amezaliwa nje ya ndoa na hana fungu katika urithi. Edmund anaghushi barua inayoonyesha kwamba Edgar anapanga kumnyang'anya baba yao mali.

La kuzingatia ni namna anavyoifikisha. Hampelekei babake barua hiyo. Anajifanya anaificha. Anapolazimishwa kuitoa, anamtetea Edgar, akisema pengine nduguye alitaka tu kuujaribu msimamo wake. Kwa maneno mengine, Edmund anadanganya kwa kuigiza uaminifu: anaonekana kama ndugu anayesita kumchongea ndugu yake. Gloucester haamini barua tu. Anaamini kusita kwa aliyeileta.

Hapa ndipo methali ya kikulacho ki nguoni mwako inapopata maana yake kamili. Mdudu huyo haingii kwa kuivunja nguo, bali kwa sababu nguo hutoa joto. Udanganyifu wa kifamilia hauhitaji mtu mjinga. Unahitaji mtu anayetimiza wajibu wa kuwaamini walio wake. Baadaye Gloucester anang'olewa macho na mtawala wa Cornwall, mumewe Regan. Katika maumivu yake anamwita Edmund aje amlipizie kisasi. Ndipo Regan anapomwambia kwamba ni Edmund aliyemchongea. Gloucester anauona ukweli dakika ile ile anapopoteza macho.

Uongo wa waaminifu

Laiti tamthilia ingeishia hapo, ugawaji wa waaminifu na wasaliti ungetosha. Lakini Kent aliyefukuzwa anarudi akiwa amejibadilisha sura na jina ili amtumikie mfalme yule yule aliyemfukuza. Edgar, anayewindwa kwa sababu ya barua ya Edmund, anajifanya kichaa ombaomba, na kwa sura hiyo anamwongoza babake kipofu ambaye hajui kuwa aliyemshika mkono ni mwanawe. Gloucester anapotaka kujirusha kutoka kwenye jabali la Dover, Edgar anamwaminisha kwamba amefika ukingoni, ilhali wamesimama mahali tambarare. Mzee anaanguka kifudifudi, kisha anaaminishwa kwamba ameokolewa kwa muujiza.

Huu ni uongo mtupu. Tofauti yake na uongo wa Goneril iko katika malipo. Kent anafungwa katika mkatale kama mtumwa mtundu. Edgar anatembea nusu uchi katika baridi. Wadanganyifu hawa wanalipa wenyewe, na anayefaidika ni anayedanganywa.

Hata hivyo, Shakespeare hawatakasi kabisa. Edgar anachelewa mno kujitambulisha. Anapomweleza hatimaye babake kuwa yeye ni nani, moyo wa mzee unashindwa kuhimili furaha na huzuni kwa pamoja, na anakufa. Edgar mwenyewe anakiri kuwa ilikuwa kosa kujificha muda wote huo. Uongo wa huruma nao, ukirefushwa kupita haja yake, huanza kulipiwa na mwingine.

Isitoshe, tamthilia inaipa mtihani methali nyingine ya Kiswahili: mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Binti wawili waliozaliwa na Lear walimtupa. Kent, asiyekuwa damu yake, anadokeza mwishoni kwamba atamfuata bwana wake kaburini. Anayemjeruhi Cornwall hadi kufa ili kumtetea Gloucester ni mtumishi asiyetajwa hata jina. Cordelia pekee, miongoni mwa binti, anaithibitisha methali hiyo: anarudi kutoka Ufaransa kumtetea babake na ananyongwa gerezani. Damu haileti uaminifu yenyewe. Inaleta tu wajibu, ambao mtu huutimiza au huukataa.

Liyongo: mkate na sindano

Mkasa wa Liyongo, kama ulivyopangwa katika utenzi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, una udanganyifu wa kifamilia wa aina mbili, na aina hizo zinasimama kama mizani.

Wa kwanza ni wa mama. Liyongo anapofungwa gerezani na mfalme wa Pate, mama yake anampelekea chakula kwa mkono wa kijakazi, Saada. Walinzi huchukua vyakula vizuri na kumwachia mkate wa wishwa ambao wao wanaudharau. Ndani ya mkate huo mmefichwa tupa. Nje, watu wanapiga ngoma na kuimba ili sauti ya kukata minyororo isisikike. Liyongo anatoroka. Uongo huo ulimweka hatarini mama, na zaidi yake Saada, ambaye ndiye aliyepita mbele ya walinzi.

Wa pili ni wa mwana. Mfalme anamwahidi kijana wa Liyongo cheo na binti yake endapo atapata siri ya kifo cha babake, asiyedhurika kwa silaha. Kijana anauliza. Liyongo anatambua kwamba mwanawe ametumwa na amehadaiwa, na bado anamwambia: ni sindano ya shaba kitovuni. Anachomwa akiwa usingizini. Anaamka, anakwenda hadi kisimani, anapiga goti na upinde mkononi, na kufa katika hali hiyo, huku watu wakiogopa kuteka maji kwa kudhani yu hai. Kijana hakupata alichoahidiwa.

Lear alidanganywa kwa sababu hakujua. Liyongo aliangamia akijua. Hapa tanzia ya Kiswahili inakwenda hatua moja zaidi: ubaba wenyewe ndio mlango, na mwenye nyumba anaufungua kwa hiari kwa sababu kumfungia mwanawe kungekuwa kuuacha ubaba. Katika Kifo Kisimani (2001), Kithaka wa Mberia ameuhamishia mkasa huu Butangi, nchi ya kubuni chini ya Mtemi Bokono. Anayetumiwa na watawala safari hii ni ndugu, Gege, dhidi ya Mwelusi. Wanafunzi wengi wa sekondari wa Machakos, sawa na wenzao kote Kenya, waliisoma tamthilia hiyo ikiwa kitabu teule katika muongo wa 2000, na waliandika kwamba Gege ni msaliti. Jibu hilo ni sahihi, ila linamwacha nje mnunuzi. Si mfalme wa Pate wala Bokono aliyelipa kwa mali yake. Kila mmoja alinunua kwa ahadi, na malipo yakatolewa na familia ya aliyeuawa.

Hitimisho

Mwaka 1681 Nahum Tate aliibadilisha King Lear ili Cordelia apone na aolewe na Edgar, na kwa zaidi ya miaka 150 umbo hilo ndilo lililotawala majukwaa ya Uingereza. Watazamaji hawakustahimili kuona mwaminifu akilipia uongo wa wengine. Waswahili hawakumpa Liyongo mwisho wa namna hiyo. Walimwacha pale kisimani, mahali ambapo kila nyumba ilihitaji kufika kuteka maji.

Mwanafunzi wa fasihi, basi, anapokutana na mhusika mdanganyifu katika tamthilia inayohusu familia, na aulize mambo matatu: uongo huu umevaa vazi gani la uaminifu, umemfaidi nani, na nani ameulipia. Maswali hayo yatamtenga Edmund na Edgar, na yatamtenga mama wa Liyongo na mjukuu wake, jambo ambalo neno "msaliti" peke yake haliwezi.

Maswali hayo hayaishii darasani. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inamruhusu mtu kuandika wasia, na pia kutoa mali yake kama zawadi akiwa hai. Haimwambii mzee wa Kangundo au Mwala jinsi ya kumtambua mtoto anayempenda kutoka kwa yule anayependa shamba. Lear aliwapima watoto wake kwa walichosema siku ambayo kila neno lilikuwa na faida. Angengoja siku ambayo uaminifu una hasara, angemwona Cordelia.