Vipande vya kikwembe visitupwe

Huku Iga Barrière, kwa barabara RN27, chini ya kila mashini ya kushona kunabakia vipande vya kikwembe, na mara mingi vinachomwa tu. Tunaona ni hasara. Katika Djugu familia nyingi zimekimbia vita zaidi ya mara moja, na mwenye kukimbia anaacha malalo nyuma. Vipande vikubwa vinaungwa viwe kifuniko cha mtoto. Vidogo, vikisha kukauka kwa jua, vinajaza mto wa kulalia. Vya kushikia sufuria ya bugali viwe pamba tupu, kunja mara ine. Choma kwanza uzi mmoja: pamba inaacha majivu, nailoni inayeyuka, itaunguza mkono. Mafundi, musiwauzishe wamama waliokimbia mufuko wa vipande. Muwape.