Mtangazaji, Mtumishi wa Neno



Wakristu wapenzi wa Mulekera na wa vijiji vyote, leo tunaeleza kazi ya mtu ambaye sauti yake mwaijua, lakini uso wake pengine hamjauona.

Swali: Mtangazaji mkristu ni nani?
Jibu: Ni mtu anayesema ukweli kwa kumpenda Mungu na kwa faida ya jirani.

Mtume Paulo aliwafundisha Waroma kwamba imani huanza kwa kusikia. Bikira Maria naye alisikia kwanza habari ya Malaika Gabrieli, ndipo akakubali. Kwa sababu hiyo, mwaka 1951, Baba Mtakatifu Pio wa Kumi na Mbili alimweka Gabrieli kuwa msimamizi wa wote wapelekao habari kwa simu na redio.

Tena Bwana wetu alifundisha kwa hadithi: mpanzi, chachu, kondoo aliyepotea. Hadithi njema hukaa moyoni kuliko karipio refu. Wazee wetu, wakisimulia karibu na moto, walilijua jambo hilo.

Lakini maneno peke yake hayatoshi. Padri Maximilian Kolbe wa nchi ya Polandi alianzisha redio katika konventi yake mwezi wa Desemba 1938. Mwaka 1941, katika kambi ya mateso ya Auschwitz, alijitoa kufa mahali pa mfungwa mwenye mke na watoto. Aliyoyahubiri kwa sauti aliyatimiza kwa mwili wake. Mwaka 1982 Eklezia ilimtangaza kuwa mtakatifu.

Tusidhani mambo hayo ni ya mbali. Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa katika nchi yetu ya Beni, nao haukwisha hata tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Ugonjwa huo huambukiza kwa kugusa damu au matapishi ya mgonjwa, au maiti yake. Lakini wengi walisema ni uzushi wa watu wanaotafuta fedha. Wakaficha wagonjwa, wakaosha maiti kwa mikono mitupu, wakafa nao. Hivyo uvumi uliua pamoja na ugonjwa.

Huko Lwemba, katika Ituri, mtangazaji Papy Mumbere Mahamba aliwaeleza watu katika redio ya kijiji namna ya kujikinga. Usiku wa tarehe 2 Novemba 2019 watu walimvamia nyumbani, wakamwua kwa kisu, wakamjeruhi mke wake, wakaichoma nyumba. Hatumwiti mtakatifu, maana hukumu hiyo ni ya Eklezia. Twasema tu kwamba alikufa baada ya kuwatumikia jirani zake kwa ukweli.

Swali: Je, amri ya nane yamhusu mtangazaji tu?
Jibu: Hapana. Yamhusu pia msikilizaji.

Anayechukua uvumi sokoni na kuupeleka kwenye kisima, huyo naye ni mtangazaji, naye atatoa hesabu mbele ya Mungu. Basi kabla ya kusema, tujiulize: Je, ni kweli? Je, lafaa? Lisilo la kweli tuliache lifie kwetu.

Tuwaombee wote wanaolipeleka Neno, nasi tulipokee vema.

Tumsifu Yezu Kristu. Milele na milele. Amina.