Mizinga Bila Barabara

Anayetoka Kayanga kwenda Mutukula hana budi kuuvuka Mto Kagera pale Kyaka. Basi linapita darajani mara moja, abiria wala hawaachi mazungumzo yao. Kwa mpiga mizinga, mahali kama hapo ndipo hesabu zote zinapogoma, na mtu aliyelijua hilo vizuri ni Brigedia Jenerali J. H. V. Crowe, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa mizinga katika jeshi la Jenerali Smuts lilipoivamia Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1916.

Crowe alikuwa mtu wa darasa na ramani. Kuanzia 1909 hadi 1913 alikiongoza chuo cha kijeshi cha Kingston, Kanada. Upigaji mizinga aliousomea ni ule wa Ulaya: mizinga inapangwa nyuma, mtazamaji anakaa mahali pa juu, anaona kombora la kwanza limeangukia wapi, anatuma neno lisogezwe kushoto au mbele, na baada ya makombora machache shabaha inapatikana. Ufundi huo unataka macho yanayoona mbali na shehena kubwa ya makombora. Kabla ya yote, unataka njia ya kuufikishia mzinga.

Kati ya Kilimanjaro na Morogoro Crowe hakupata hata kimoja kwa uhakika. Vichaka viliziba macho, mvua zikageuza njia kuwa matope, na ndorobo wakawamaliza ng'ombe na farasi waliokuwa wakivuta mizigo. Afadhali ilikuwa kwa mizinga midogo ya milimani kutoka India, ambayo ilifunguliwa vipande vipande na kupandishwa migongoni mwa nyumbu. Baadhi yake ilishatumika Kagera: tarehe 22 na 23 Juni 1915 Waingereza walikuja kwa meli kutoka Kisumu, wakaishambulia Bukoba, wakaangusha mnara wa simu ya upepo, kisha wakaondoka. Pale ziwa lilifanya kazi ya barabara. Nadhani ndiyo maana Bukoba ilifikika mapema kiasi hicho.

Wajerumani nao walikuwa na shida ileile, tena nzito zaidi. Manowari yao Königsberg ilipoangamia Rufiji Julai 1915, waliiopoa mizinga yake 10 na kuitumia nchi kavu. Ilipiga mbali kuliko karibu kila kitu alichokuwa nacho Crowe, lakini kuuhamisha mmoja kulihitaji mamia ya watu wa kuuvuta. Kahe, Machi 1916, waliulipua wenyewe mmojawapo kuliko kuuacha mikononi mwa adui.

Wanyama walipokufa, mzigo ulihamia kichwani mwa mpagazi. Wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa katika vita hiyo wanakadiriwa kukaribia 100,000, wengi wao kwa maradhi na njaa, si kwa risasi. Mwaka 1918 Crowe alitoa kitabu kuhusu kampeni hiyo, Smuts akakiandikia utangulizi. Jina la kitabu linamtaja Smuts; mizinga haimo. Sioni kama ni unyenyekevu tu wa mwandishi. Katika kampeni ile mizinga ilikuwa mgeni aliyechelewa, na mwenyewe alilijua hilo.

Miaka 60 na ushei baadaye suala likarudi Kyaka. Majeshi ya Idi Amin yaliingia kutoka Uganda mwishoni mwa Oktoba 1978, na mapema Novemba yakalilipua daraja. Sasa jeshi la Tanzania, JWTZ, lilikuwa na mizinga ya kutosha, pamoja na BM-21 ya Kisovieti: mabomba 40 juu ya lori moja, roketi zikifika kilomita 20 hivi. Waganda waliiita Saba Saba, na mlio wake peke yake uliwakimbiza wengi. Ila lori halivuki mto kwa mlio. Mizinga ikapiga kutoka ukingo wa kusini, na safari ya kwenda mbele ikasubiri madaraja ya muda.

Mutukula ilitekwa Januari 1979, Masaka na Mbarara Februari. Mbele ya Masaka kulikuwa na lami hadi Kampala, neema ambayo Crowe hakuiona kamwe. Lakini karibu na Lukaya lami hiyo inapita katikati ya kinamasi, na lori likishaingia pale halina pa kugeukia. Machi 10, Walibya waliokuja kumsaidia Amin walizifyatua BM zao wenyewe dhidi ya Brigedi ya 201 ya JWTZ. Roketi zilipita juu ya vichwa, lakini askari wengi walikuwa wageni wa vita na wakatawanyika. Usiku huohuo Brigedi ya 208, iliyokuwa mbali upande wa kaskazini-magharibi, ilitembea kwa miguu kuzunguka. Kulipopambazuka Machi 11 ilikuwa imeshika barabara ya Kampala, nyuma ya Walibya, na mashambulizi yakaanza kutoka pande mbili.